Bobu yangu ya kwanza ilidumu siku nne

Picha ndiyo iliyoniponza. Nilikaa nayo kwenye simu miezi mitatu: mwanamke aliyegeuza uso kidogo, nywele zimekatwa bobu, yaani fupi usawa wa taya, ncha zote zimelala kwenye mstari mmoja kama ukingo wa daftari, shingo iko wazi. Nikiwa mkweli, nilichokuwa nakitamani hasa ni ile shingo. Nywele zangu zilikuwa zimefika mabegani, kila asubuhi nazibana kwa bendi ileile, na nilikuwa nimezichoka kabisa.

Siku niliyoingia saluni sikuwa na maelezo. Nilimpa fundi simu nikasema, "Nataka hii." Akaitazama picha, akanitazama, akasema, "Sawa dada, kaa hapa." Nilifurahi kwamba hatusumbuani kwa maneno mengi. Sasa najua ile "sawa" ndiyo iliyopaswa kuniinua kitini, kwa sababu fundi ambaye hajakuuliza swali hata moja kuhusu nywele zako anakwenda kukata picha.

Niwaeleze nywele zenyewe. Mbele, kuanzia pajini hadi kwenye panja, zina mawimbi yanayojiviringa kama utepe wa zawadi. Utosini zinajikunja zaidi. Kisogoni ni kipilipili hasa, zile unazozivuta hadi mwisho na ukiziachia zinarudi kama springi. Kichwani mwangu wanaishi watu watatu nyumba moja, na siku ile wote walizungumziwa kwa lugha moja.

Alinioshea, akazipiga draya huku akizivuta kwa brashi ya duara, kisha pasi, tabaka kwa tabaka, mpaka zikawa zimenyooka kuliko nilivyowahi kuziona. Halafu ndipo akashika mkasi. Nywele kavu zilizopigwa pasi zina mlio wake zikikatwa karibu na sikio, kama mtu anakanyaga majani makavu. Nilisikia tu, sikuona, maana nilikuwa nimevua miwani. Kwenye kioo palikuwa na ukungu wenye umbo la mtu, na kwenye kitambaa cheusi walichonifunga shingoni vipande vya nywele vilikuwa vinateleza kuelekea magotini. Nilikuja kuvaa miwani kazi imeisha. (Kama unavaa miwani, omba usimamishwe katikati, uivae, utazame. Hakuna fundi atakayekukatalia, na kama yupo, ni vizuri kumjua kabla hajafika upande wa pili.)

Ilikuwa nzuri. Siwezi kudanganya. Nilipiga picha nyingi mno kwa mtu wa umri wangu. Siku nne nilitembea nikigeuza shingo bila sababu.

Siku ya tano niliziosha.

Nilijua zitajikunja, mimi si mgeni wa nywele zangu. Ila sikuwahi kuziona zikikauka zikiwa fupi namna ile. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikiangalia. Zikiwa zimelowa zilifika chini kidogo ya taya, nikasema basi, si mbaya. Baada ya dakika kumi zikawa kwenye ndewe ya sikio. Baada ya nusu saa pembeni zimetanuka kama mbawa, utosini zimelala bapa kwa sababu ya ule uzito uliokuwa umebaki, na kisogoni, ambako bobu ya kwenye picha ilikuwa imekatwa fupi zaidi kuliko mbele, zilikuwa zimepanda juu kabisa zikajikusanya kama zimenyolewa na mtu aliyekatiwa umeme. Ukinitazama kwa mbele, kichwa kilikuwa pembe tatu. Ukinitazama kwa nyuma, ni heri usinitazame.

Nililia. Kulilia nywele kunaonekana upuuzi mpaka zikukute.

Kosa la pili nililifanya kesho yake, na ndilo lililonigharimu zaidi. Nilikwenda saluni nyingine nikasema nataka zirekebishwe. Huyu wa pili alisema tatizo ni unene, akachukua mkasi wa meno, ule wa kupunguza, akaupitisha ndani ya nywele pande zote mbili. Kwa mtu mwenye nywele za singa nzito mkasi huo una kazi yake. Kwa nywele zinazojikunja, kila unywele mfupi uliokatwa katikati ya mirefu unajikunja kivyake na kuisukuma mirefu nje. Badala ya kupungua zikafumka. Nikawa nimelipa mara mbili kwa kosa lilelile, na nywele zimezidi kuwa fupi. Ningekaa wiki mbili bila kuzigusa ningeokoa sentimita zisizopungua tatu. Mkato ulioharibika hauna dharura. Funga skafu, vaa kofia, bana na vibanio, lala, amka, tafakari.

La tatu lilikuwa pasi. Kwa kuwa bobu ilikuwa nzuri ikiwa imenyooshwa, niliamua itakuwa imenyooshwa kila siku. Asubuhi hadi asubuhi, karibu miezi miwili, pasi ikiwa kwenye nyuzi 230 kwa sababu ndiyo namba ya juu kabisa na mimi nilikuwa na hasira. Siku moja nikaziosha nikaona mawimbi ya pale pajini hayarudi. Yananing'inia tu, yamenyooka nusu na kujikunja nusu, kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta.

Baadaye nilielewa kilichotokea, na kwa kuwa hakuna aliyenieleza kabla, naeleza hapa. Unywele umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake linashikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali ndani yake. Vile dhaifu, vya haidrojeni, vinaachia ukilowesha nywele au ukizipa joto, kisha vinajifunga upya zikikauka au kupoa. Ndiyo maana pasi inanyoosha na maji yanarudisha. Hata jasho na unyevu wa hewani vinatosha kurudisha. Dawa ya kunyoosha inavunja vifungo vingine vyenye nguvu zaidi, vya salfa, kwa hiyo nywele zilizowekwa dawa hazirudi zilivyokuwa, utasubiri zile mpya zinazoota. Pasi yenye moto mkali kila siku nayo inaweza kufika mahali inaharibu keratini yenyewe, na hapo umepata ubaya wa dawa bila kuweka dawa. Nywele zangu za mbele zilikuwa zimefika hapo. Hakuna mafuta wala krimu iliyozirudisha, na nilinunua nyingi. Zilikuja kuondoka kwa mkasi.

Kwa hiyo nikaanza kungoja. Nywele za kichwani huota kwa wastani takriban sentimita 1 kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu. Hesabu hiyo inauma zaidi ukiwa na nywele zinazojikunja, kwa sababu sentimita moja ikiota kwenye kipilipili haionekani hata nusu yake. Nilingoja miezi kumi na minne. Kuna kipindi kama mwezi wa tano hivi ambapo hazikuwa fupi wala ndefu, haziingii kwenye bendi na hazikubali kukaa wazi, na nilikaribia kunyoa zote. Shoga yangu ndiye aliyenizuia, kwa maneno ambayo siyaandiki.

Katika kungoja huko ndiko nilikosoma nywele zangu kwa mara ya kwanza, na kipimo kilichonifungua macho kilikuwa futi ya fundi cherehani. Siku moja baada ya kuosha, zikiwa bado zimelowa na hazina kitu chochote, nilishika kishungi kimoja cha mbele, pale juu ya sikio, nikakipima kutoka kwenye ngozi hadi ncha: sentimita 14. Nikashika kingine kisogoni: sentimita 12. Nikaviacha vikauke vyenyewe bila kuvigusa, nikapima tena kama vilivyokaa. Cha mbele kilikuwa na 9. Cha kisogoni kilikuwa na 5. Yaani mbele zinapanda kwa theluthi moja na zaidi kidogo, nyuma zinapanda kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo nikaielewa ile bobu. Mstari ulionyooka uliokatwa kwenye nywele zilizopigwa pasi ulikuwa mstari wa uongo. Kila sehemu ya kichwa ilikuwa na safari yake ya kurudi, na ya kisogoni ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Kama utafanya jambo moja tu kabla ya kukata bobu, fanya hilo. Pima zikiwa zimelowa, pima zikiwa zimekauka zenyewe, na pima sehemu tatu au nne, maana ni wachache wenye nywele za aina moja kichwa kizima. Hata mwenye nywele za mawimbi mapana anaweza kupoteza sentimita mbili au tatu, na kwenye bobu sentimita mbili ndizo tofauti ya taya na sikio. Mwenye nywele za singa hapotezi kitu, na ndiyo maana ushauri mwingi wa bobu ukiusoma unahisi umeandikiwa mtu mwingine. Umeandikiwa yeye.

Watu hupenda kutaja aina za nywele kwa namba na herufi. Mfumo huo ulianzishwa na Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, katika miaka ya 1990: 1 ni zilizonyooka, 2 mawimbi, 3 zinazojiviringa, 4 kipilipili, kisha herufi a, b na c zinaonyesha kiasi. Unasaidia, sikatai. Ila nilikariri namba yangu miaka mingi bila kujua mambo mengine mawili ambayo mkasi unayajali zaidi. Moja ni unene wa unywele mmojammoja: uchukue mmoja uuviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama huuhisi kabisa, ni mwembamba. Kama unauhisi kama uzi wa kushonea, ni mnene. La pili ni wingi: zikiwa kavu na hujachana njia, je, unaiona ngozi ya kichwa? Mtu anaweza kuwa na nywele nyembamba lakini nyingi mno, au nene lakini chache, na kila mmoja anahitaji bobu yake hata kama namba zao zinafanana.

Wifi yangu ni mfano wa upande ule mwingine. Yeye ana nywele za singa, nyembamba, na si nyingi. Miaka yote alikuwa anaambiwa akate kwa ngazi, yaani tabaka za urefu tofauti, "ili zijae". Akakata, zikawa kama pazia lililotoboka. Ukisimama nyuma yake kwenye mwanga unaona hadi mabega yake kupitia ncha. Kwake tiba ilikuwa kinyume cha yangu: mstari mmoja, mkali, usawa wa kidevu, bila ngazi hata moja. Ncha zote zikimalizikia mahali pamoja, nywele chache zinaonekana nyingi, kwa sababu ukingo unakuwa mzito. Alitoka saluni akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo miaka kumi iliyopita. Ubaya wake ni kwamba mstari kama huo unadai kupunguzwa kila wiki sita hadi nane, la sivyo unaanza kulegea na kugusa mabega na kuchomoza nje, na yeye hupenda kulalamika kuhusu hilo kana kwamba ni mimi niliyeubuni.

Mwenzangu wa kazini mwenye nywele za singa nene na nyingi alipata shida ya tatu. Bobu ya mstari mmoja ilimkalia kama kofia ya pikipiki. Fundi wake alimkatia kisogo kwa kupanda taratibu, fupi chini na ndefu kadiri unavyopanda, akapunguza uzito wa ndani, kule chini ambako hakuonekani, akaacha tabaka la juu zima.

Kuna kipindi nilizama kwenye historia ya mkato huu, labda kwa kutafuta wa kumlaumu. Irene Castle, mcheza dansi wa Marekani, alizikata nywele zake mwaka 1914 au 1915. Inasimuliwa kwamba alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo na hakutaka usumbufu wa nywele ndefu kitandani. Katika miaka ya 1920 mkato ukaenea kiasi kwamba wanawake walipanga foleni kwa vinyozi wa kiume, kwa kuwa watengeneza nywele wengi wa wanawake hawakuwa wamezoea kukata. Walizoea kusuka, kukunja na kupamba. Halafu Vidal Sassoon, mtengeneza nywele wa London, akaja katika miaka ya 1960 na mikato iliyopimwa kama majengo. Mwaka 1963 alimkata mwigizaji Nancy Kwan, ambaye nywele zake zilikuwa ndefu, nyeusi na zilizonyooka, na bobu ile ikapigwa picha zilizozunguka dunia. Wazo lake lilikuwa kwamba mkato ukiwa sahihi, mtu anaosha, anatikisa kichwa, na nywele zinarudi mahali pake zenyewe, bila vipindo wala draya za kukalia chini yake saa nzima.

Hapo nilicheka peke yangu. Bobu ilipendwa kwa sababu ilimpunguzia mtu kazi, na mimi niliifanya iwe kazi ya kila alfajiri. Nikaona na jambo jingine. Nywele za Nancy Kwan zinaanguka chini kwa uzito wake, kwa hiyo kinachoonekana ni mahali zinapoishia, yaani mstari. Zangu haziangukii chini, zinakwenda nje kwanza. Kinachoonekana kwangu ni umbo zima, duara au pembe tatu au yai. Nilikuwa natafuta mstari kwenye nywele ambazo haziujui mstari. Tangu hapo sikuuliza tena "nikate usawa gani". Nilianza kuuliza "nikitazamwa kutoka mbele, upana uwe wapi".

Na upana ndio unaogusa uso. Kuhusu maumbo ya uso nimesoma mengi ambayo nadhani yanatia watu hofu bure, eti mwenye uso wa duara asikate, mwenye shingo fupi asithubutu. Ninachokiamini baada ya kukata mara tatu ni kidogo tu: mahali ambapo nywele zinaishia, au zinapotanuka zaidi, ndipo jicho la mtu linapotua. Zikiishia sawasawa na sehemu pana ya mashavu, umeipigia mstari. Shusha sentimita mbili au tatu, au pandisha, na uso uleule unasomeka vingine. Mimi nina taya pana. Bobu iliyoishia juu ya taya ilinifanya nionekane kama nimeuma kitu. Ikishuka chini yake kidogo, taya inatulia.

Kabla ya mkato wa kwanza nilijaribu wigi ya shoga yangu, na bado naona ni hatua nzuri, mradi ujue inakupa jibu gani. Wigi inakuambia kama uso wako unakubali nywele fupi. Haikuambii chochote kuhusu nywele zako. Wigi ile ilikuwa ya singa. Uso wangu ulisema ndiyo, nami nikadhani kichwa kizima kimekubali.

Safari ya tatu niliianza kwa kutafuta mtu badala ya picha. Nilimpata mama mmoja wa makamo ambaye nywele zake mwenyewe ni kipilipili na zimekatwa vizuri. Nilipompigia kupanga siku, aliniambia nije nimeziosha jana yake, nimepaka vile ninavyopaka siku zote, zimekauka zenyewe, na pasi isiziguse wiki nzima kabla. "Nataka kuziona mwanangu, usinipambie," alisema. Nilipofika, alizunguka kiti mara mbili hajashika kitu. Akaingiza vidole kisogoni, akavuta kishungi kimoja, akakiachia kirudi, akakivuta tena. Akaniuliza njia huwa naichana wapi, upande gani. Akauliza nalala nazo vipi. Akauliza pasi ya mwisho lini, nikamwambia ukweli wote, pamoja na zile nyuzi 230, naye akaguna kama daktari.

Swali la njia lilinishangaza, lakini lina maana: ukikata bobu njia ikiwa kati halafu nyumbani ukaichana pembeni, upande mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine na utadhani umekatwa vibaya. Vivyo hivyo ukiwa na pale ambapo nywele zinaota kwa mzunguko, pajini au chini kabisa ya kisogo. Zikikatwa fupi mno zinasimama, na hakuna jeli itakayozilaza hadi jioni.

Alikata zikiwa kavu, kishungi kwa kishungi, kila kimoja kama kilivyojikunja, bila kukivuta. Kila alipokata alirudi nyuma hatua moja akatazama. Kisogoni hakugusa kabisa. "Hizi tusiziguse leo. Zinapanda zenyewe, ukizikata zitapanda zikukimbie." Nilimwonyesha kwamba kwenye picha yangu ya zamani kisogo kilikuwa kifupi kuliko mbele. Akasema hiyo ni nzuri kwa mwenye picha. Kwangu aliacha kisogo kirefu kuliko pembeni kwa vidole viwili, na zikikaa zilionekana sawa. Pembeni aliweka ngazi ndefu chache, za kutoa ule uzito uliokuwa unatengeneza pembe tatu, na utosini akakata kidogo ili zipate kunyanyuka. Zile za pajini zilizoungua alizitoa zote. Nikabaki na kama vidole vitatu vya nywele pale mbele, zinashuka zimejikunja hadi juu ya nyusi, kitu ambacho sikukiomba na sasa nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote.

Aliacha urefu wa ziada kama sentimita tatu kuliko nilivyotaka, makusudi. Akaniambia nikaoshe nyumbani mara mbili, nikae nazo siku kumi, nirudi. Nilirudi akapunguza sehemu mbili tu ambazo zilikuwa zimejitokeza. Ukiweza kumpata fundi anayekubali utaratibu huo, mshike. Ikishindikana, angalau mwambie aache ziada, ukarudi baadaye. Kupunguza tena kunachukua dakika ishirini. Kurudisha kunachukua mwaka, nami nimeshauhesabu.

Kama nywele zako ni kipilipili kichwa kizima na unataka ule mstari ulionyooka, unaweza kuupata, sitaki kumkatisha mtu tamaa. Wapo wanaozivaa hivyo vizuri kwa miaka. Amua tu mapema kwamba unakata kwa ajili ya maisha ya pasi: kinga ya joto kila mara, moto wa wastani, si kila siku, na ujue siku ukiziacha ziwe zenyewe utakuwa na umbo jingine kichwani. Mwambie fundi yote mawili. Njia ya katikati ni kuzisuka twisti usiku na kuzifumua asubuhi. Zinanyooka kiasi, zinashuka, na mkato ukipimwa kwa urefu huo hautakushangaza.

Hasara ndogondogo hakuna anayezitaja. Bobu haifungiki. Siku ya joto kali, siku ya mazoezi, siku unapika, mkono unatafuta bendi na bendi haina cha kushika, kwa hiyo nina vibanio kwenye kila mkoba. Shingo inapata baridi. Mito nayo inazikandamiza upande mmoja, hivyo nimejifunza kulala na skafu laini na kuamka nikizinyunyizia maji kidogo, nikazikamua kwa viganja, nikaziacha. Chanuo halizigusi zikiwa kavu. Kila baada ya wiki kumi au kumi na mbili narudi kwa yule mama. Zinazojikunja zinavumilia zaidi kuliko za wifi yangu, na hilo namkumbusha kila akianza malalamiko yake.

Ile picha ya kwanza bado ninayo kwenye simu, kwa ukaidi tu. Lakini nikienda kukata naonyesha nyingine, niliyojipiga mwenyewe: siku ya tatu baada ya kuosha, sijachana, nimevaa miwani, upande wa kushoto umekandamizwa kidogo na mto. Fundi anaikuza kwa vidole viwili, anatazama kisogo, anaanzia hapo.